Mlango Unaouliza Ulipo

Miongoni mwa mambo yaliyoingia majumbani mwetu katika zama hizi bila ya kubisha hodi ni simu za mkononi na mitandao isiyo na waya. Faida zake na madhara yake yamekwisha semwa sana, wala hatukusudii kuyarudia. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wazee na vijana, jambo moja ambalo wengi wao wamekwisha kutana nalo pasi na kulijua jina, nalo ni ruhusa inayotolewa kwa kutazama mahali. Maana yake ni kuwa mtandao, kabla ya kuifungulia simu mlango, hauulizi tu, "Wewe ni nani?" bali huuliza pia, "Uko wapi?" Jawabu lisiporidhisha mlango haufunguki, hata kama mwenye simu analijua neno la siri na jina lake limo daftarini.

Hospitali, mathalan, yaweza kupanga kuwa majalada ya wagonjwa yasomeke katika kompyuta ya mkononi ya muuguzi maadamu yumo ndani ya wodi, na akivuka lango yafungike yenyewe. Chuo chaweza kuufungua mtihani kwa walio ndani ya ukumbi peke yao. Kampuni za filamu huonyesha filamu katika nchi moja na kuizuia katika nchi ya pili, na msafiri aliyekuwa akiitazama jana leo huambiwa hana ruhusa. Yote hayo ni mlango wa namna moja.

Kwa asili yake ni jambo jema. Walakin lina upande wa pili, na upande huo watuhusu sisi watu wa majumbani zaidi kuliko unavyowahusu wenye mahospitali na wenye filamu.

Kwanza na tufahamu haja iliyolileta. Zamani kompyuta za maofisini ziliunganishwa kwa waya, na mwisho wa waya ulikuwa ukutani. Aliyetaka kuingia katika mtandao ilimlazimu aingie kwanza katika jengo, apite mbele ya bawabu, akae kitini, achomeke waya. Hakuna aliyeliita jambo hilo ulinzi wa mahali, lakini ndivyo lilivyokuwa. Ukuta ulikuwa ukifanya kazi ya kufuli bila ya kulipwa ujira. Yalipokuja mawimbi ya redio ambayo tangu mwaka 1999 yanaitwa Wi-Fi, ukuta uliachishwa kazi hiyo. Wimbi halijui mpaka wa kiwanja. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, zenye kuta nene za matumbawe, huyadhoofisha mawimbi hata watu wa chumba cha ndani wakalalamika. Lakini mtambo ukiwekwa karibu na dirisha lililo wazi, aliyekaa katika baraza ya jirani huyapata vizuri kuliko mwenye nyumba anayeyalipia.

Khatari yake si ya kudhaniwa tu. Mwaka 2005 wezi nchini Marekani waliyanasa, wakiwa nje, mawimbi ya mtandao wa maduka ya kampuni ya TJX, uliokuwa umefungwa kwa ufunguo dhaifu, na kwa njia hiyo wakafika katika kompyuta kuu za kampuni. Wizi ule haukugunduliwa hata mwisho wa mwaka 2006, na kampuni ilipotoa hesabu mwaka 2007 ilitaja namba za kadi zaidi ya milioni 45. Kiongozi wa kundi lile, Albert Gonzalez, alihukumiwa mwaka 2010 kifungo cha miaka 20. Hakuna aliyevunja mlango wala kuruka ukuta. Duka lenyewe lilikuwa likiyatoa mambo yake nje mchana na usiku.

Basi wataalamu wakaanza kuuliza kama yawezekana kuurudishia ukuta kazi yake, yaani mtandao usioonekana uwe na mpaka unaojulikana. Suala hilo laonekana jepesi mpaka mtu aulize: mtandao utajuaje simu ilipo?

Njia ya kwanza ni kuiuliza simu yenyewe. Simu hupajua mahali pake kwa setilaiti za GPS, zinazozunguka juu yetu kwa umbali wa kilometa 20,200 hivi. Hapa yafaa tuondoe dhana iliyoenea kwa wengi, kwamba setilaiti hizo hututazama na kutuandika. Sivyo. Simu haisemi nazo hata neno moja, husikiliza tu. Kila setilaiti hutangaza saa yake, na tangazo hilo huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kutufikia. Simu ikisikia matangazo ya setilaiti nne au zaidi, hulinganisha tofauti za nyakati na kupiga hesabu ya mahali ilipo. Mpaka hapo hakuna anayejua ila simu. Khabari hutoka pale programu iliyo ndani ya simu inapoichukua hesabu hiyo na kuipeleka kwingine kwa njia ya intaneti. Mwenye kuifahamu tofauti hii ameshika nusu ya yote tutakayoyasema.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba anayeulizwa ndiye shahidi wa nafsi yake. Simu yaweza kuambiwa iseme uongo, na programu za kuifundisha uongo huo hupatikana bila ya malipo. Mchezo wa Pokémon GO ulipotokea mwaka 2016, ambao humtaka mchezaji atembee huku na huko, wako vijana waliolala vitandani huku simu zao zikiiambia kampuni kuwa wanazunguka katika miji ya mbali. Dorothy Denning na Peter MacDoran, walioandika mwaka 1996 kwamba mahali alipo mtu pawe sehemu ya kumthibitisha, waliiona kasoro hii mapema. Hawakutaka neno la kifaa peke yake, bali walitaka mawimbi yenyewe ya setilaiti yaliyopokewa pale yapelekwe yakapimwe na mwingine. Tena iko kasoro ya pili, kwamba mawimbi ya GPS ni dhaifu mno na hayaingii vizuri ndani ya majengo, ilhali milango mingi inayotaka kulindwa imo ndani ya majengo.

Njia ya pili ni kupima nguvu ya sauti ya simu. Mitambo mitatu ya Wi-Fi katika jengo moja huisikia simu ile ile kwa nguvu tatu mbalimbali, na kwa kulinganisha nguvu hizo yaweza kukisiwa simu iko chumba gani. Mwaka 2000 Paramvir Bahl na Venkata Padmanabhan wa kampuni ya Microsoft walionyesha kuwa kwa njia hiyo aghalabu hupatikana mahali kwa kukosea mita mbili au tatu tu. Ni kazi nzuri kwa kumtafutia mgeni njia katika jengo kubwa. Kwa kulinda mlango haitoshi, kwani aliye mbali na mwenye antena nzuri iliyoelekezwa sawasawa husikika kama aliye karibu. Kusikika kwa nguvu si dalili ya ujirani. Hayo kila aliyekaa karibu na nyumba ya harusi anayajua.

Ubaya wa kuchanganya kusikika na kuwa karibu ulidhihirika waziwazi katika magari. Yako magari ambayo mlango wake hufunguka mwenye ufunguo akisogea tu, bila ya kuutoa mfukoni. Gari hulituma wimbi dhaifu, ufunguo hulijibu, na kwa kuwa wimbi ni dhaifu gari husadiki kuwa ufunguo uko hapo. Mwaka 2011 Aurélien Francillon, Boris Danev na Srdjan Capkun, wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, waliyajaribu magari ya namna 10 kutoka kwa watengenezaji 8. Waliweka chombo kimoja karibu na gari na cha pili karibu na ufunguo, vikawa vinapokezana maneno baina ya viwili hivyo, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake anayoyasikia. Magari yote 10 yalifunguka. Siri ya ufunguo haikuvunjwa, wala hapakuwa na haja ya kuivunja. Gari lilisema na ufunguo wake wa haki, ila haukuwa mahali lilipodhani.

Njia ya tatu ndiyo iliyotupendeza zaidi, nayo ni kupima muda. Wimbi la redio huenda kwa mwendo wa mwanga, kilometa 300,000 kwa sekunde moja, na hakuna mwerevu awezaye kuliendesha mbio zaidi ya hapo. Tukiigawa sekunde sehemu bilioni moja, katika sehemu moja tu wimbi huwa limekwenda sentimita 30. Basi mlango ukiuliza swali na kuyapima madogo hayo ya wakati mpaka jawabu lirudi, utajua kwa hakika kwamba anayejibu hawezi kuwa mbali kuliko kiasi fulani. Aweza kuwa karibu na akajitia umbali kwa kukawia. Lakini aliye mbali hana namna ya kujitia ukaribu, wala mwenye kupokeza maneno hana, kwa sababu kupokeza kwenyewe kunakula wakati.

Stefan Brands na David Chaum waliiandika hesabu ya jambo hili mwaka 1993, kabla watu wengi hawajapata hata kuiona simu ya mkononi. Shida ni kuwa simu ikifikiri kabla ya kujibu, muda wa kufikiri huiharibu hesabu yote. Ikikawia sehemu moja ya milioni ya sekunde tu, kosa la umbali huwa ni mita 150. Kwa hiyo wao waliyafanya maswali yawe mafupi kabisa, ya sifuri au moja, yanayoulizwa moja baada ya moja kwa haraka, na kila jawabu lategemea swali lililotangulia kutolewa papo hapo. Mwongo aliye mbali, akitaka jawabu lake liwahi, yambidi alitoe kabla ya kulisikia swali, yaani abahatishe. Na bahati yake kwa kila swali ni nusu. Maswali 20 yakipita, nafasi yake ya kuyapata yote ni moja katika milioni. Kanuni za Wi-Fi za mwaka 2016 zilitia namna ya kupima muda wa kwenda na kurudi, ambayo hukisia umbali kwa mita moja au mbili, na siku hizi ziko simu na funguo za magari zenye redio ya namna nyingine inayopima kwa usahihi zaidi ya huo.

Hata hivyo kinachothibitishwa ni mahali pa simu, si mahali pa mtu. Mfanyakazi aliyemwachia mwenzake simu yake ofisini atahesabiwa kuwa yuko kazini, na hesabu zote za mwendo wa mwanga hazitamfichua. Wenye kuuza mitambo hii hawalitaji sana jambo hili.

Sasa tuje katika upande wa pili tulioutaja. Ukiyazingatia yaliyotangulia utaona kuwa milango hii ni ya aina mbili. Aina moja hutaka kujua neno moja tu: je, aliye mbele yangu yu karibu nami? Mlango huo hukupima wakati unapousimamia, na ukiondoka haujui ulikokwenda. Aina ya pili hutaka simu ipeleke mahali pake kwa kampuni iliyo mbali, ikaandikwe huko, kisha kampuni ndiyo iamue kufungua au kutofungua. Mlango wa aina hii hukujua hata usipobisha. Sisi twaona kuwa aina ya kwanza yastahiki kusifiwa kila inapowezekana, na kwamba watu wengi wametiwa katika aina ya pili bila ya kushauriwa, kwa kuwa ni rahisi zaidi kwa wauzaji na khabari zinazokusanywa zina bei sokoni.

Mfano wake umewafika Waislamu wenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka 2020 gazeti la Motherboard la Marekani lilieleza kuwa programu ya Muslim Pro, inayoonyesha nyakati za sala na upande wa kibla, na ambayo ilikuwa imekwisha chukuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka khabari za mahali pa watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo nayo ilikuwa ikiwauzia wakandarasi, na kwa njia yao zikalifikia jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kuwa waliuza khabari za watu binafsi kwa jeshi, na wakatangaza kukata uhusiano wao na X-Mode. Mwezi uliofuata kampuni za Apple na Google ziliwaamuru watengenezaji wa programu wakitoe ndani ya programu zao kipande kilichokuwa kikimtumikia X-Mode. Kampuni hiyo ilibadili jina ikawa Outlogic, na mwezi wa Januari mwaka 2024 idara ya serikali ya Marekani ya kusimamia haki za biashara iliipiga marufuku kuuza khabari za mahali penye siri za watu, zikiwamo nyumba za ibada na mahospitali.

Hatukuyataja haya ili watu wazikimbie programu za sala. Twayataja kwa sababu mtu alipoulizwa, "Je, waruhusu programu hii ipajue mahali pako?" alijibu ndiyo kwa haja iliyo safi, na haja ile yenyewe ilikuwa ndogo sana kuliko kile alichokitoa. Na tuipime. Ardhi hujizungusha digrii moja kwa kila dakika 4, na katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta digrii moja ya mashariki na magharibi ni kilometa 111 hivi. Kwa hesabu hiyo mtu akihama kilometa 14 kwenda mashariki au magharibi, Adhuhuri yake hubadilika kwa nusu dakika. Ama kibla, Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, na baina yao ni kilometa 2,800 hivi. Aliyekosea mahali pake kwa kilometa 5 upande wa magharibi, uso wake utageuka kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, nacho ni kiasi ambacho hakuna jicho linalokiona. Programu ya sala, basi, yatosheka kwa jina la mji. Kuijulisha chumba unacholala hakuongezi usahihi wowote katika sala yako.

Na simu zenyewe sasa zaruhusu kutoa kidogo. Simu za Apple tangu mwaka 2020, na za Android tangu mwaka 2021, humpa mwenyewe khiari ya kuijulisha programu mahali kwa kukisia, kwa umbali wa kilometa kadhaa, badala ya mahali khasa. Vile vile yawezekana kuipa programu ruhusa wakati inapotumiwa peke yake, isiendelee kuchungulia ikiwa imefungwa. Vijana wa nyumba ambao ni hodari wa mambo haya wangefanya wema kuwafungulia wazee wao ukurasa wa ruhusa katika simu zao, wakazipitia pamoja programu moja baada ya moja. Watakuta tochi na michezo ya watoto zikitaka kujua mahali, na hatuoni tochi ina haja gani na jambo hilo.

Iko njia moja ya kichochoro inayofaa kuangaliwa. Majina ya mitambo ya Wi-Fi iliyo jirani nawe ni kama majina ya maduka ya mtaani. Anayeyasikia yote kwa pamoja hujua uko mtaa gani, kwani yako makampuni yaliyoyachorea ramani. Ndiyo maana tangu mwaka 2015 simu za Android hudai ruhusa ya mahali kwa programu inayotaka tu kutazama mitandao iliyo karibu. Mtu huona ombi hilo akastaajabu, ilhali ni ombi la haki.

Kwa mtambo wa nyumbani, mwenye nyumba aweza kuurudishia ukuta sehemu ya kazi yake bila ya kumpeleleza mtu. Auweke katikati ya nyumba, mbali na dirisha la njiani. Apunguze nguvu ya mawimbi ikiwa mtambo unakubali, na mingi hukubali. Abadilishe neno la siri lililokuja na mtambo. Nyumba ya mbao yataka uangalifu zaidi kuliko ya mawe.

Wako pia wazazi wanaotumia programu za kuchora duara juu ya ramani kuizunguka shule, mtoto akitoka nje ya duara mzazi apate taarifa. Hatusemi kuwa ni vibaya, khasa katika miji mikubwa. Twasema mtoto aambiwe, kwani akija kuigundua mwenyewe ataiacha simu kwa rafiki yake darasani, naye baba ataendelea kupokea khabari njema. Na mzazi aliyekwisha kuiweka programu ya namna hiyo aifungue atazame khabari za mwanawe zahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama zaweza kufutwa. Katika baadhi ya programu ruhusa ya kufuta ipo, ila imewekwa ndani sana, chini ya kurasa tatu au nne, na mwenye haraka haifiki.